Kaburi la Agra

Mtu aliyepata kusoma Bara Hindi huulizwa swali moja arudipo kwao: Je, uliiona Taj Mahal? Mimi pia nimeulizwa, na kwa miaka mingi nilijibu kwa neno moja, ndiyo, kisha nikageuza mazungumzo. Si kwamba sikupendezwa na nilichokiona. Nilipendezwa kupita kiasi, na kupendezwa huko ndiko kulikoniletea taabu, maana nililiona jengo lile katika majira ambayo, kwa mawazo yangu ya wakati ule, sikuwa na haki ya kupendezwa na kaburi lolote. Sasa umri wangu umepita arobaini, na wanafunzi wangu wameanza kuondoka kwenda ng'ambo kama nilivyoondoka mimi. Nataka kulisema jambo lile kwa utulivu, na kuliuliza swali lililokuwa ndani yake: walio hai wana deni gani kwa wafu wao, na deni hilo hulipwa kwa mali ya nani?

Ilikuwa Novemba, mwaka 2006. Nilikuwa Delhi, katika mwaka wa pili wa masomo ya udaktari. Asubuhi moja kaka yangu alinipigia simu toka Tanga akaniarifu kuwa mama amefariki usiku, na kuwa atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Msomaji wa pwani aijua desturi yetu: maiti hangojezwi. Nauli ya ndege ilizidi posho yangu ya miezi mitano, na hata kama fedha ingalikuwa mfukoni, ningalifika kesho yake na kukuta udongo umekwisha shindiliwa. Ilipofika saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Delhi, ambayo ni saa saba mchana kwa saa za kwetu, nilikuwa nimekaa kitandani nikitazama ukuta, nikijua kwamba wakati ule ule wanamteremsha mwanandani. Mwenzangu mmoja wa Sudani alinisalisha sala ya ghaibu katika chumba cha bweni. Watu watatu tulikuwa nyuma yake, na mmoja wetu hakuwa Mwislamu; alisimama tu, kwa heshima.

Huyo asiyekuwa Mwislamu, kijana wa Kerala, ndiye aliyesema baada ya siku tisa kwamba yafaa nitolewe mjini nipunge hewa, na kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kukataa wala ya kuchagua, walinichagulia Agra. Hawakufikiri kwamba wanampeleka mfiwa kutazama kaburi. Watu hawaihesabu Taj Mahal kuwa kaburi. Huihesabu kuwa picha.

Tuliondoka kituo cha Nizamuddin kabla ya jua kuchomoza. Toka Delhi hadi Agra ni mwendo wa yapata kilomita 200, na gari moshi lilipita katika ukungu wa mashamba ambao haukutuonyesha kitu ila migongo ya nyati na moshi wa majiko. Penye dirisha la tiketi mgeni hulipa mara nyingi zaidi ya mwenyeji. Kijana wa Kerala aliona haya kwa niaba ya nchi yake akataka kunilipia. Nilimkataza, nikamwambia kuwa sisi nasi huwatoza wageni Ngorongoro vivyo hivyo.

Sina haja ya kulisifu jengo lile kwa urefu. Limekwisha sifiwa na watu wenye kalamu bora kuliko yangu. Mtu hupita chini ya lango la mawe mekundu lenye giza, na katika giza lile huona tundu la nuru, na katika tundu lile kitu cheupe ambacho kwanza hudhani ni wingu. Akisogea, wingu hupata kuba, na kuba hupata minara minne. Urefu wake toka chini hadi nchani ni yapata mita 73, lakini macho hayakubali kuwa ni kitu kizito. Marumaru yake ililetwa toka Makrana, katika nchi ya Rajasthan, na ndani ya marumaru mafundi wamechimba maua na majani wakayajaza vito vya rangi: lajiwardi ya Badakhshan, yashi, akiki. Akiki ilinigusa zaidi. Ushanga wa akiki ya Khambhat uliletwa na majahazi mpaka pwani yetu miaka mingi kabla ya jengo lile kufikiriwa, na wachimbuzi wa mahame yetu huuokota hata leo. Jiwe lile lile ambalo bibi zetu walilivaa shingoni lilikuwa pale, limekuwa petali ya ua juu ya kaburi la malkia.

Kila kitu mahali pale kina ndugu yake. Upande wa magharibi pana msikiti. Upande wa mashariki pana jengo lingine lililofanana nao sawasawa, ambalo halikujengwa kwa kazi kubwa ila msikiti usikose mwenziwe. Kitu kimoja tu hakilingani. Kaburi la malkia limewekwa katikati kabisa, chini ya kuba, na kaburi la mfalme, lililoongezwa baadaye, limesongezwa kando yake upande wa magharibi, kubwa kuliko la mkewe, kama mgeni aliyechelewa akatafutiwa kiti. Tena hayo yaonekanayo juu si makaburi yenyewe. Ni masanduku ya marumaru yasiyo na maiti. Wenyewe wamelala chini, katika chumba kisicho na nakshi nyingi, ambacho watu hufunguliwa siku tatu tu kwa mwaka, katika ukumbusho wa kufa kwa mfalme.

Nilisimama penye wavu wa marumaru unaozunguka masanduku yale. Mlinzi mmoja alipaza sauti kuwaonyesha wageni mwangwi wa kuba, na sauti yake ilipanda, ikazunguka, ikakawia kufa. Hapo ndipo niliposhikwa na jambo ambalo nimeona haya kulitaja kwa miaka mingi. Sikushikwa na huzuni. Nilishikwa na wivu. Nilimwonea wivu mwanamke yule kwa ajili ya mama yangu.

Wivu ni dhambi ya kijinga, lakini hufanya hesabu vizuri. Arjumand Banu, aliyepewa jina la Mumtaz Mahal, aliolewa mwaka 1612. Katika miaka 19 ya ndoa alizaa watoto 14, na saba tu kati yao walivuka utoto. Mama yangu alizaa tisa, akazika wanne. Mumtaz Mahal alifuatana na mumewe katika safari za vita, na mwezi wa Juni 1631, mjini Burhanpur, mbali sana na Agra, alikufa akimzaa mtoto wa kumi na nne. Mtoto mwenyewe, Gauhara, aliishi mpaka mwaka 1706. Mama yangu hakufuatana na jeshi lolote, lakini alimfuata baba katika mashamba matatu ya mkonge, na kila shamba liliacha mtoto kaburini. Nikiwatazama hivyo, sioni kuwa wanawake hawa walikuwa mbali. Tofauti ilikuwa katika waume, na tofauti ya waume ilikuwa katika hazina.

Kwa hiyo swali la kwanza nililojiuliza lilikuwa hili: Je, jengo lile ni ushahidi wa mapenzi? Watu wote husema ndivyo. Waandishi wa baraza la Shah Jahan waliandika kwamba baada ya msiba mfalme aliacha muziki na mavazi ya fahari kwa miaka miwili, na kwamba ndevu zake zilishikwa na mvi. Siwezi kumkanusha mfiwa huzuni yake, hata kama ni mfalme. Walakini kaburi lile, pamoja na maandishi yake mengi, halisemi kwamba mwanamke huyu alikufa kwa uzazi. Aya za Kurani zimeandikwa kwa ustadi wa ajabu juu ya milango. Jina lake na cheo chake na mwaka wa kufa kwake vimeandikwa penye sanduku lake. Uchungu wake haukuandikwa. Mgeni aweza kuzunguka pale mchana kutwa, akatoka akijua yote aliyopenda mume, asijue alilopata mke. Mapenzi yaliyomjengea kuba ndiyo yale yale yaliyomchukulia mimba ya kumi na nne vitani. Sisemi hili kwa kumhukumu mfalme wa karne ya kumi na saba kwa sheria za leo. Nasema tu kwamba kumpenda mtu na kumwona ni mambo mawili, na kwamba jiwe laweza kuwa shahidi wa la kwanza bila ya kujua kitu juu ya la pili. Nilipofika hapo katika mawazo yangu, wivu ulipungua kidogo. Nilijiuliza kama mimi nilimwona mama.

Nje, kiongozi mmoja wa wageni alikuwa akieleza kwa Kiingereza kuwa mfalme aliwakata mikono mafundi wake ili wasijenge jengo lingine la kufanana nalo. Hadithi hii si kweli. Wataalamu wa historia hawakuiona katika habari za zama zile, na mafundi wa Shah Jahan waliendelea kumjengea, hata mji mzima mjini Delhi. Moscow husimuliwa vivyo hivyo kwamba mbunifu wa kanisa la Mtakatifu Basil alipofuliwa macho. Mahali palipo na jengo zuri mno watu hutunga hadithi ya mikono au macho. Zamani nilikuwa nikiicheka hadithi ya namna hii darasani. Siku ile sikuicheka, maana niliona inalotaka kusema: mtu wa kawaida, akisimama mbele ya uzuri wa kadiri ile, hawezi kuamini kwamba hakuna aliyeulipia. Anatafuta alipaye, na asipomjua humbuni.

Na kwa kweli alikuwapo wa kutafutwa, wala hakuhitaji kubuniwa. Katika miaka ya 1630 hadi 1632 nchi za Gujarat na Deccan zilipatwa na njaa kubwa. Mwingereza mmoja mfanya biashara, Peter Mundy, aliyesafiri toka Surat kwenda Agra mwaka 1630, alieleza njia zilizojaa maiti wasiokuwa na wa kuwazika. Burhanpur, mji aliofia malkia, ulikuwa katika njia ile ile. Mfalme hakukaa kimya. Alifungua majiko ya chakula cha bure na kusamehe sehemu ya kodi, na haki ni kusema hivyo. Lakini ujenzi ulianza mwaka 1632, kabla ya nchi kurudiwa na pumzi. Msafiri Mfaransa Tavernier aliandika kwamba watu 20,000 walifanya kazi kwa miaka 22. Huenda hesabu yake ni ya kuambiwa. Iwe nusu yake: bado ni miji ya watu waliobeba mawe kwa ajili ya mauti ya mtu mmoja, katika nchi ambayo maelfu kwa maelfu walikuwa wamelala njiani bila ya sanda.

Tulikaa nje ya lango tukala petha, tamutamu ya boga ambayo Agra hujivunia, na wenzangu wakabishana. Msudani alisema kwamba maiti hafaidi kitu ila dua na sadaka, na kwamba fedha ile ingaliwafaa wenye njaa. Kijana wa Kerala alisema, "Njaa ile ingaliisha, na wenye njaa wangalikufa baadaye kwa ugonjwa mwingine, na leo tusingalikuwa na njaa wala jengo. Wewe mwenyewe umeijua njaa hiyo kwa sababu ya jengo." Niliona maneno yake ni ya ukatili, kisha nikaona yana ukweli usiopendeza. Ni kweli kwamba nisingalimsoma Peter Mundy lau kama nisingalisimama Agra. Lakini jawabu lake lilikuwa na tundu: lilimpa anayezikwa kwa fahari kazi ya kuwakumbuka wasiozikwa, na kazi hiyo hakuiomba wala haifanyi. Ndani ya jengo lile fundi mmoja tu ameandika jina lake, mwandishi wa khati Amanat Khan wa Shirazi. Waliobaki, wachongaji na wachukuzi, wameacha alama ndogo ndogo juu ya mawe, nyota na maumbo mengine.

Twaweza kujidanganya kwamba sisi watu wa pwani tu wasafi katika jambo hili. Mashekhe wetu hutufundisha kwamba kaburi halipasiwi kujengwa, na wengi wetu tumekulia katika unyenyekevu huo. Lakini nyumbani kwetu si mbali na Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, ambako pana mahame ya msikiti na makaburi yapatayo arobaini, mengi yakiwa na nguzo za mawe, na nguzo nyingi zimekwisha anguka. Nilicheza pale nikiwa mtoto. Nguzo kama hizo zajulikana pwani nzima, na zamani watu walizipamba kwa sahani na mabakuli ya Kichina. Leo mahali pengi pamebaki matundu tu. Wenyeji wa makaburi yale walikuwa Waislamu kama sisi, na walijenga. Aliyekuwa na jahazi alijenga nguzo, na aliyelipigia jahazi makasia alipewa mchanga. Nguzo ni ndogo kuliko kuba, lakini ni ya ukoo ule ule, na ikiwa Agra ina deni, Tongoni nayo ina deni lake kwa kiasi chake.

Miezi michache baadaye nilifanya ugunduzi ulionifedhehesha. Kila nilipokwenda kula Nizamuddin nilipita karibu na kaburi la Jahanara, binti mkubwa wa Mumtaz Mahal, bila ya kulijua. Huyu ndiye aliyekaa na baba yake katika ngome ya Agra miaka minane, tangu Aurangzeb alipompokonya kiti mwaka 1658 hadi Shah Jahan alipofariki mwaka 1666. Alikuwa mmoja wa wanawake matajiri kabisa wa zama zake. Alifariki mwaka 1681, na kwa hiari yake alizikwa penye uwanja wa ziara ya walii Nizamuddin, mahali wazi pasipo na kuba, na juu ya kaburi lake panaota majani. Nilifurahi mno. Nilidhani nimepata jawabu: binti ameisahihisha Agra. Nilimwandikia kaka barua ndefu juu yake, nikasema kwamba kaburi la mama ni kama kaburi la binti mfalme.

Barua ile ilikuwa ya uongo, na kaka, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, aliutambua uongo wake. Aliniuliza kwa simu, "Huyo alichagua majani. Mama yetu nani alimwuliza?" Sikuwa na la kusema. Kaburi la Jahanara lina wavu wa marumaru kuzunguka, lina maandishi, lina jirani mtakatifu, na watu hulijua. Unyenyekevu wake ni zawadi aliyoitoa mwenye uwezo wa kutotoa. Kumfananisha naye mtu ambaye hakupata nafasi ya kuchagua ni kumpokonya maskini hata ukweli wa umaskini wake. Tangu siku ile huwa na hadhari na watu, nami nikiwamo, wausifuo usahili wa kaburi wasilopata kulikosea.

Nilirudi nyumbani mwaka 2009. Katika posho yangu nilikuwa nimeweka akiba fedha ya kulijengea kaburi la mama kwa saruji na vigae, na jiwe lenye jina. Ijapokuwa nimesema yote niliyoyasema, nilitaka kujenga. Nauungama wazi udhaifu huo. Tulikwenda asubuhi, kaka, shangazi na mimi. Mashahidi ya kaburi yalikuwa ya mbao, na mchwa walikuwa wameyamaliza. Masika tatu zilikuwa zimepita, na udongo ulikuwa umelala sawa. Kaka alisema ni la tatu toka penye mbuyu. Shangazi, aliyemwosha, akasema ni la nne.

Walibishana kwa upole, kila mmoja akikumbuka jinsi jeneza lilivyopita na nani alisimama wapi. Nilisubiri wanigeukie mimi, kisha nikakumbuka kwamba mimi sikuwapo. Kaka alimwuliza mchimba makaburi, naye akasema kwamba wiki ile walizikwa wanawake wawili, na wa pili alikuwa mgeni toka bara, aliyekuja kwa matibabu akafia hospitalini, na hapana aliyejua jina la baba yake.

"Basi mwanangu," shangazi akasema, "waombee wote wawili."

Nilisema kwamba jiwe limekwisha agizwa kwa fundi. Shangazi aliniuliza jiwe hilo nitaliweka juu ya nani. Aliuliza hivyo bila ya kejeli, kama mtu aulizaye mzigo uwekwe wapi. Nilimwambia fundi asiandike kitu. Tulileta mawe mawili ya matumbawe toka ufukweni, ya kadiri moja, tukayasimamisha kichwani pa makaburi yote mawili. Fedha iliyobaki kaka aliichukua kununulia mabati ya madrasa, na sikumwuliza hesabu yake. Kila niendapo Tanga huzuru pale, nami husimama katikati.